Senene Wenye Miguu

Historia ya marehemu dada yangu niliiandika mimi. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa kalamu ya bluu, juu ya karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la jumuiya yetu ya kanisa. Kwetu Muleba kazi hiyo hupewa mwenye kisomo kuliko wengine katika familia, na katika familia yetu mtu huyo ni mimi. Mwandishi hutaja mahali marehemu alipozaliwa, shule alizosoma, sakramenti alizopokea, kazi aliyoifanya. Kisha huja aya ambayo waombolezaji wote huinua vichwa kuisikiliza, aya ya ugonjwa. Ulianza lini, alipelekwa wapi, nani alimuuguza. Hata waliokuwa wakinong'ona nyuma ya migomba hunyamaza.

Niliandika hivi: "Marehemu alianza kuugua mwezi Machi mwaka huu." Binamu yangu aliisoma kwa sauti nzuri, mbele ya padri na kijiji kizima, na hakuna aliyeipinga. Sentensi hiyo ni ya uongo, na nilijua kuwa ni ya uongo wakati wino wake ulipokuwa haujakauka.

Sikudhani ingemdhuru mtu. Siku ya tatu baada ya maziko nilipita nyuma ya jiko na kumsikia mama akizungumza na shangazi.

"Mimi ndiye niliyemtuma kwenye maharage," alisema. "Aliniambia amechoka. Nikamwambia, ukichoka wewe, nani apalilie, mimi mwenye magoti mabovu?"

"Usiseme hivyo, wifi."

"Kutwa nzima juani. Alirudi miguu imevimba. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Machi. Na karatasi imesema Machi. Msomi ameandika."

Nilisimama pale na ndoo ya maji mkononi. Nilichopaswa kufanya kilikuwa rahisi: kuingia, kuketi kwenye mkeka, kusema neno moja, jina la mwezi mwingine. Sikuingia. Nilipeleka maji nilikokuwa nikiyapeleka, na keshoye nikapanda gari kurudi Bukoba. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga tena shamba la maharage. Niliambiwa msimu wa kupanda ulifika likabaki magugu matupu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika chuo kimoja mjini Bukoba. Nina umri wa miaka arobaini na saba, na zaidi ya nusu ya umri huo nimeutumia kujifunza na kufundisha jinsi mwili unavyojilinda. Dada yangu alizaliwa miaka kumi na mmoja baada yangu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na mama katika kibanja chetu, nje kidogo ya Kagoma, akiitunza migomba, kahawa, na baadaye vanila, ambayo maua yake huhitaji kuguswa moja moja kwa kijiti asubuhi ileile yanapofunguka, la sivyo huanguka bure. Alikuwa na vidole vya kazi hiyo. Nikimkumbuka, huviona vidole kabla ya uso.

Kila Novemba alinitumia senene. Msomaji asiyetoka Kagera huenda asijue kwamba mdudu huyu wa kijani huja na mvua, akatua kwenye nyasi za rweya, yale mawanda yaliyo kati ya kijiji na kijiji, na kwamba wanawake hutoka alfajiri kumwokota kabla umande haujakauka na mabawa yake kuwa mepesi. Baada ya kuokota huja kunyonyoa: mabawa, miguu, vipapasio, mdudu mmoja baada ya mwingine, kwa saa nyingi. Zamani wanawake waliokota na kunyonyoa lakini hawakula. Senene walikuwa wa mume, wa baba, wa kaka. Marufuku hiyo imekwisha. Kilichobaki ni kwamba senene wa dada humfikia kaka wakiwa safi kabisa, na usafi huo ni namna ya kusema jambo ambalo kwetu halisemwi kwa mdomo. Kaka naye hairudishi ndoo tupu. Huweka sukari, sabuni, pengine kitenge.

Novemba ya mwaka juzi ndoo ndogo nyeupe ilinifikia kwa basi kama kawaida, mfuniko umefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Nilipoifungua, nilidhani kwanza kwamba wamekosea mzigo. Senene walikuwa wamekaangwa vizuri, chumvi ilikuwa ileile, lakini wengi wao walikuwa na miguu. Mabawa yalikuwa yametoka; miguu ile mikubwa ya nyuma, yenye miiba, ilikuwa imebaki, mingine imekatikia katikati.

Nimepanga vyumba viwili kando ya barabara ya Kashozi, katika nyumba ya bibi mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani na kuoa hapahapa. Bibi huyo huniita mwalimu, na kila mwaka hupata bakuli lake la senene. Alilipokea, akavaa miwani, akaanza kuwageuzageuza kwa kidole.

"Mwalimu, aliyewanyonyoa hawa anaumwa vidole."

"Amekuwa mvivu tu, bibi. Ametingwa na vanila."

"Mvivu huacha mabawa na miguu, huacha vyote. Tazama hapa. Palipo pepesi pametoka, palipo pagumu pamebaki. Huyu amevuta, akashindwa."

"Ana miaka thelathini na tano. Vidole vimuume kwa nini?"

"Mimi sikusoma," alisema, na kuvua miwani. "Nimenyonyoa tu, miaka sitini."

Nililichukulia jambo hilo kama mazungumzo ya kibarazani. Jioni hiyohiyo nilikuwa na daftari za wanafunzi mezani, na mada ya wiki ile, nakiri, ilikuwa seli za dendriti.

Ninazipenda seli hizo tangu nikiwa chuo kikuu. Jina lake linatokana na mti, kwa sababu ya matawi yake mengi, na nilipoziona mara ya kwanza katika darubini nilifikiri juu ya mkahawa uliopukutika majani. Hukaa pale mwili unapokutana na dunia: chini ya ngozi, ndani ya pua, kwenye utumbo. Hazipigani. Kazi yake ni kunyoosha matawi hayo na kuonja kila kinachopita, vumbi, chakula, kijidudu, mabaki ya seli zetu zenyewe zilizokufa kwa uzee. Zikionja kitu chenye hatari, hubadilika. Huacha kula, huyakunja matawi, huingia katika mishipa ya limfu na kusafiri hadi kwenye tezi, zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Huko hukutana na seli T, askari ambao hawajawahi kutoka nje na hawajui adui anafananaje. Seli ya dendriti huwaonyesha kipande cha kile ilichokutana nacho. Haileti adui mzima, huleta kipande.

Na kuna jambo moja ambalo kila mwaka huwarudia wanafunzi wangu mara tatu, kwa kuwa ndilo wanalolikosa kwenye mtihani. Kipande peke yake hakitoshi. Seli T hungoja pia ishara ya pili, ambayo ni kama kushikwa bega, inayosema: hili ni la hatari, amka. Ikipewa kipande bila kushikwa bega, haiamki. Na ubaya wake ni kwamba huzoea. Siku nyingine, ikionyeshwa kipande kilekile, huenda isijibu kabisa. Mwili umepanga hivyo kwa hekima, ili tusipigane na chakula chetu wala na sisi wenyewe. Nilisahihisha daftari thelathini na nane juu ya somo hilo jioni ile, huku nikitafuna senene na kutema miguu kwenye kisahani.

Keshoye nilimpigia simu.

"Wewe mvivu," nilimwambia, "siku hizi unatuma senene wenye miguu? Wangetoroka njiani."

Alicheka. "Nimewaachia miguu ili wakikosa basi waje wenyewe."

"Ukiolewa ndivyo utakavyomlisha mume?"

"Mume gani, waitu? Mlete kwanza, habari ya miguu tutaijadili naye."

Kisha akasema kwa sauti nyingine: "Kaka, hivi vidole vyangu asubuhi..." Akasita. Nilisikia jogoo upande wake. "Aa, basi. Ni umande tu."

"Vaa soksi mikononi," nilimwambia. Nilikuwa na kipindi saa nne, na wanafunzi walikwisha kuingia darasani.

Hata hapo ningeweza kusamehewa. Lakini niliporudisha ndoo, nikiwa nimeweka kilo mbili za sukari na sabuni, nilimchagua senene mmoja mwenye miguu yote miwili, nikamfunga kwenye kipande cha karatasi na kuandika juu yake: "Huyu amekataa kukaa Bukoba." Nikamweka juu ya sukari. Niliona ni utani mzuri. Nilimwonyesha hata bibi mwenye nyumba, naye alinitazama bila kucheka, akaingia ndani kuswali.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Ndizi zilimenywa na mama. Kwetu mwanamke mzima mwenye afya hakai akimtazama mama yake akimenya ndizi, na niliona, na sikuuliza. Dada alikuwa na weusi mashavuni, pande zote mbili za pua, kama kivuli cha kipepeo. Alisema ni jua. Alisema pia kwamba alikuwa na homa za kuja na kuondoka, amekwisha kunywa dawa ya malaria mara mbili. Asubuhi, alipotoka kuteka maji, nilimkuta amesimama uani akivipulizia vidole. Ncha zake zilikuwa zimepauka, rangi ya majivu, katika mikono ambayo sehemu nyingine yote ilikuwa rangi yetu. Nimeyaona maelezo ya vidole hivyo katika vitabu vitatu nilivyonavyo kabatini. Vilikuwa mbele yangu, hatua nne kutoka niliposimama, na nilichofanya ni kumpa koti langu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ninaweza kusema kwamba mtu haoni ugonjwa wa kitabuni kwenye mikono aliyoizoea, lakini sijui kama hilo ni jibu au ni maneno yaliyopangwa vizuri. Ukweli ulio wazi zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuupokea utani kuwa ndio maelezo. Kila nilichoona baada ya hapo kilikuta mlango umefungwa.

Machi ndipo mama aliponipigia simu na kusema miguu ya mtoto imevimba mpaka viatu haviingii. Zahanati ilimpeleka Muleba, Muleba ikamleta Bukoba. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alitazama mashavu, akaviomba vidole, akapima mkojo, kisha akaniita pembeni. Alipotaja lupasi, ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, sikushangaa, na kutoshangaa kwangu ndiko kulikonitisha. Alisema figo zimeshambuliwa sana. Alisema watampeleka ng'ambo ya ziwa, kwenye hospitali kubwa. Kisha akasema, bila nia ya kumlaumu mtu, "Mngekuja miezi mitatu minne nyuma tungekuwa na nafasi nzuri zaidi."

Nilihesabu. Machi, Februari, Januari, Desemba. Na ule mwezi wa ndoo.

Nilikaa naye ng'ambo ya ziwa likizo yote na wiki kadhaa ambazo chuo kilinivumilia. Mchana mmoja, dawa zilipokuwa zimempa nguvu kidogo na uso umemjaa kwa sababu ya dawa hizohizo, aliniomba nimweleze.

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako. Ila usinipe mtihani."

Nikamwambia kuna seli zenye matawi ambazo kazi yake ni kuonja.

"Kama mama na mchuzi."

"Kama mama na mchuzi. Zikionja kitu kibaya, hukimbia kwenye tezi kwenda kukionyesha."

"Sasa zangu zimeonja nini?"

Nilitafuta namna ya kuzunguka, nikaikosa. "Wewe," nilimwambia. "Mwilini seli hufa kila siku, na mabaki yake huzolewa. Yasipozolewa kwa wakati, hizi za kuonja huyakuta, zikayadhani ni virusi, zikapiga yowe. Mwili mzima huamka na kuanza kupigana na mwenyewe."

Alitazama mikono yake juu ya shuka. "Kwa hiyo wamenionja wakaniona mbaya."

"Zimekosea."

"Basi ziambie. Si wewe ndiye mwalimu wao?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka, naye akacheka, na mimi nikajitahidi. Baadaye, akiwa amefumba macho, alisema: "Yule senene wako uliyemrudisha, nilimcheka siku nzima." Nilingoja aendelee. Nilikuwa tayari, nadhani, kwa lolote ambalo angelisema; nililihitaji. Aliomba maji. Nikampa maji, na hatukulizungumza tena jambo hilo, wala sikumwomba msamaha, kwa sababu kuomba msamaha kungekuwa kumwambia kwamba najua anakufa.

Alifariki Agosti, asubuhi, kahawa ikiwa inaanikwa kwenye nyua zote za kijiji.

Asubuhi ya maziko waliniletea daftari na kalamu chini ya mkahawa mkubwa ulio nyuma ya nyumba. Shangazi alinitajia tarehe ya ubatizo, nikaandika. Akanitajia kwaya, nikaandika. Tulipofika kwenye ugonjwa, akasema, "Hapo unajua mwenyewe." Niliweka kalamu kwenye karatasi. Kama ningeandika Novemba, mtu angeuliza: Novemba kulikuwa na nini? Nani alijua? Na jibu lingekuwa limekaa hapo na kalamu mkononi, msomi wa familia, mwalimu wa jambo hilohilo lililomuua. Machi ulikuwa mwezi usio na maswali. Machi ilikuwa na miguu iliyovimba, hospitali, mashahidi. Niliandika Machi. Sikufikiri hata kidogo kwamba katika mwezi huo kulikuwa pia na shamba la maharage, na kwamba nilikuwa ninamwandikia mama yangu hukumu.

Wiki baada ya wiki niliahirisha safari ya kwenda nyumbani. Nilipopiga simu, mama alijibu kwa heshima kama mtu anayezungumza na mgeni. Shangazi aliniambia kwamba amepungua, kwamba sahani hurudi jikoni na chakula, kwamba akialikwa kulima na wenzake husema mikono yake si mizuri kwa mashamba ya watu. Nilijua ni mikono ya nani isiyokuwa mizuri. Niliendelea kufundisha. Katika mada ile ya seli za dendriti mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza, "Mwalimu, je, seli T ikilala hivyo, kuna cha kuiamsha tena?" Nikamjibu kwamba mara chache sana, na si kwa urahisi, kisha nikatoka nje ya darasa na kusimama kwenye veranda mpaka kengele ilipolia.

Mvua zilirudi, na Novemba nyingine ikaingia. Bibi mwenye nyumba alipika senene wa sokoni, akaniletea bakuli. Walikuwa safi. Nililiweka bakuli mezani nikashindwa kuligusa, na Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la kwenda Muleba, nikashuka, nikachukua pikipiki hadi nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, beseni mbele yake. Yeye hakuwa amekwenda rweya. Majirani walimletea fungu lake. Alikuwa akinyonyoa. Mavazi yake yalimwelea mwilini. Tulisalimiana, nikaketi kwenye kigoda. Tuliyozungumza yalikuwa kwa Kihaya. Ninayaandika kwa Kiswahili, na najua kuna kilichopotea.

"Mama, ugonjwa haukuanza Machi."

Vidole vyake havikusimama. "Karatasi ilisema Machi."

"Karatasi niliiandika mimi."

"Najua aliyeiandika."

"Ulianza Novemba, pengine na kabla. Alinitumia senene wenye miguu. Alikuwa ameshindwa kuivuta, vidole vilikuwa vinamuuma. Nilionyeshwa, nikaambiwa na mtu, na yeye mwenyewe alianza kuniambia. Nikamtania. Krismasi niliviona vidole vyake kwa macho yangu, na jina la ugonjwa nalijua tangu nikiwa kijana. Nilinyamaza. Kisha nikaandika Machi ili nisiulizwe."

Aliacha kunyonyoa. Kuku alisogea karibu na beseni, naye akamfukuza kwa mkono bila kumtazama.

"Si maharage?" aliuliza.

Hili ndilo nililoogopa zaidi kuliko hasira yake. Jua huwachochea wagonjwa wa lupasi. Seli za ngozi hufa kwa jua, mabaki huwa mengi, na zile za kuonja huzidi kupiga yowe. Ningeweza kusema siyo, si maharage, na kumpa usingizi. Lakini nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara moja kwa maandishi.

"Jua liliongeza," nilisema. "Lakini figo zilikuwa zimekwisha kuguswa kabla ya siku ile. Na kama ningesema nilichokijua, asingekwenda juani. Wewe hukujua. Ungejua, usingemtuma."

"Nisingemtuma," alisema.

"Ndiyo."

"Nisingemtuma." Alilirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu uzito wa kitu kabla ya kukibeba. Kisha machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Sikuwa na haki ya kuyafuta.

"Mwaka ule maua ya vanila yalianguka mengi," alisema mwishowe. "Yeye haachi ua lianguke. Niliyaokota chini nikasema, mtoto amechoka kukaa na mzee, anataka kwenda mjini kama kaka yake. Nilikasirika. Nilikaa siku mbili bila kumsemesha."

"Mama."

"Siku ndoo iliporudi na yule mdudu wako, tulicheka wote wawili. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akashika kisu amenye ndizi, kikamdondoka. Akakiokota, kikamdondoka tena. Nikamwambia lete. Sikumwuliza kitu."

Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Aliinua macho akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu maziko, mtazamo ambao haukuwa wa mgeni na haukuwa na upole.

"Karatasi iko sandukuni, chini ya cheti chake cha ubatizo," alisema. "Utaiandika upya. Na Jumapili utaisoma wewe, pale jumuiya, si binamu yako. Watasikia Novemba kutoka kwenye mdomo wako."

"Nitaisoma."

"Sasa sogea hapa."

Akasukuma beseni hadi katikati yetu. Nyumbani kwetu wanaume hawanyonyoi senene. Sikuwahi kumwona baba akifanya hivyo, wala mimi sikuwahi kuombwa. Nilishuka kwenye kigoda nikaketi kwenye mkeka. Mabawa yalitoka kirahisi. Mguu wa nyuma uliteleza, na miiba yake midogo ikanichoma chini ya ukucha. Nilivuta tena, ukakatikia katikati. Nilikuwa na vidole vizima, visivyouma, na kazi ilinishinda. Nikamweka kando, nikashika mwingine.

Mama alinyoosha mkono, akamchukua yule niliyemweka kando, akanirudishia kiganjani.

"Huyu bado ana mguu," alisema.

Nikaanza naye upya.